Kijani Kilichoogopa Kutazamwa

Kwa miezi minne mizima niliamini kwamba mchoro wa kompyuta hupauka ukitazamwa na watu wengi. Sikuamini kidogo kidogo, kama mtu anavyoamini utabiri wa hali ya hewa. Niliamini kwa roho yote, kiasi kwamba ungeniamsha usingizini ukaniuliza, ningekujibu kabla sijafungua macho: kila mtu mpya akifungua faili yako, rangi hupungua. Kijani huelekea ukijivu, nyekundu huelekea udongo, na siku ya siku unabaki na ukurasa mweupe na majuto.

Habari hizo nilipewa na jirani yangu wa dawati katika wiki ya mwisho ya masomo ya jioni, kinyozi mmoja wa hapa mjini Kakamega mwenye sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Kinyozi yule angekuambia jua limefutwa kazi, ungeenda kununua taa. Na ushahidi alikuwa nao. Alitoa simu akanionyesha picha ya harusi ya dada yake, iliyokuwa imepita simu kwa simu, kwa shangazi, kwa binamu, kwa kwaya nzima, mpaka ikamrudia yeye ikiwa na bibi harusi asiye na pua. Gauni jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya chai.

"Na hapo imetazamwa na kanisa moja tu," akaniambia.

Ningebisha vipi? Kabla ya kusomea uchoraji wa skrini za simu, nilikuwa fundi wa kuandika mabango. Kutoka Amalemba ninakoishi hadi Lurambi, hakuna bucha, duka la dawa wala kinu cha kusaga ambacho sikukiandika jina, na kama kipo, basi kilijengwa jana. Mtu wa mabango anajua kwamba rangi ni kitu kinachozeeka. Nilichora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha moja, mwekundu wa kung'aa, watu wakawa wanavuka barabara kumtazama. Baada ya misimu miwili ya jua alikuwa kama ng'ombe aliyelazwa wiki tatu hospitalini. Niliposikia kwamba macho nayo hula rangi, nilishangaa tu kwamba sikuwa nimegundua jambo hilo mwenyewe.

Nilihitimu vizuri. Mwalimu alisema nimepita, lakini jinsi alivyolitamka neno lile, mtu yeyote mwenye masikio angejua alimaanisha nimewaacha wengine kwa kilomita. Mwezi huohuo nikapata kazi katika ofisi ndogo kule Lurambi, ghorofani, juu ya duka la chakula cha mifugo. Mawazo yetu yote yalinukia chakula cha kuku. Mwanzoni tulikuwa wawili, mimi na bosi, jamaa asiyependa maneno mengi, ambaye ukimsalimia kwa sentensi mbili anakujibu ya pili tu.

Chombo chetu cha kazi kilikuwa programu ya kuchorea inayokaa kwenye intaneti. Imeundwa kwa sababu moja kubwa: mchoraji na divelopa, yaani yule anayegeuza mchoro kuwa programu inayofanya kazi kwenye simu, waweze kuwa ndani ya mchoro mmoja kwa wakati mmoja. Mimi ninachora kitufe huku, divelopa anakigusa kule, anasoma upana wake, msimbo wa rangi yake, umbali wake kutoka ukingoni. Hakuna kukisia. Kila aliyemo anaonekana kama mshale mdogo unaotembea ukurasani. Kwangu mimi mshale ulikuwa mmoja tu, wangu, ukizungukazunguka peke yake kama askari wa kulinda shamba la mheshimiwa.

Divelopa alipoajiriwa, nilikuwa nimeilinda faili mwezi mzima. Alikuwa dada kutoka Mumias, mpole wa maneno, anayeingia ofisini kwa "Asalaam aleikum" hata kama ndani kuna viti pekee. Bosi alimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Meza hatukuwa nayo ya tatu, kwa hiyo alifanyia kazi kwenye rafu ya chini ya kabati, ameketi kwenye kigoda, kompyuta mbele yake na magoti karibu na masikio. Hakulalamika. Mimi aliniita fundi, kwa sababu ya mabango, na nilipenda sana.

Siku yake ya kwanza aliniomba kiungo cha faili. Nikamwambia intaneti ya kwetu ni dhaifu kwa faili nzito namna ile, nitampigia picha. Nikaupiga picha mchoro, ukurasa mmoja mmoja, nikamtumia. Nilijiona mtu mwenye busara: yeye apate picha iliyopauka, mimi nibaki na asili yake, mbichi kama siku ya kuzaliwa. Kesho yake nilimkuta na rula ya plastiki, ile ya watoto wa shule, ameibandika kwenye skrini anapima kitufe changu kwa milimita. Nikajisemea, huyu ni mtu makini. Sikujisemea kwamba mtu makini anapimishwa picha ya kitu kilicho umbali wa hatua tatu.

Kazi yetu ilikuwa ya kikundi cha wakulima wa mahindi wa Chekalini. Walikuwa na mashine moja ya kukausha mahindi, na foleni yake waliiandika kwenye daftari. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye mikono ya kazi na kicheko cha kufungua milango, alitueleza kwamba daftari lile lilikuwa limezua ugomvi mwingi kuliko mipaka ya mashamba. Ukurasa unaloa, jina linafutika, mtu anafika na magunia yake anaambiwa si zamu yake. Walitaka kila mkulima ashike zamu yake kwenye simu. Siku tulipomtembelea alituandalia obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, na mimi peke yangu nilikula kiasi ambacho kingelisha kamati yote. Nilimwahidi programu itakayong'aa mpaka mahindi yaone haya.

Nikachora. Skrini arobaini, na kila moja ina kitufe kikubwa cha kijani cha kushika zamu. Kijani kile nilikichanganya kwa jicho, kama nilivyokuwa nikichanganya rangi kwenye kopo, na kila nilipokitazama nilisikia moyo ukipanda ngazi.

Siku ya kuwaonyesha wakulima ilipangwa iwe Ijumaa, wiki ya mwisho ya majaribio ya yule dada. Jumatatu bosi alitaka kuona tulikofika. Akaiweka simu yenye programu kando ya kompyuta yangu yenye mchoro, akafungua skrini moja huku na moja kule. Kwangu kitufe kilikaa katikati, kimetulia. Kwenye simu kilikuwa kimeshuka mpaka nusu yake haionekani. Kijani cha kwangu kilikuwa jani baada ya mvua, cha kwenye simu kilikuwa supu ya jana. Skrini ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, maandishi yalikuwa yamepanda juu ya picha.

Bosi alinipongeza kwa mchoro. Nikapokea pongezi hizo, Mungu anisamehe, na nikasema asante. Kisha akamgeukia dada.

"Simu na mchoro visipolingana Ijumaa," alisema, "nitatafuta divelopa mwingine."

Yeye akajibu "sawa" tu. Alirudi kwenye kigoda chake, akafuta rula kwa ncha ya mtandio, akaanza upya skrini ya kwanza. Kusema kweli ningependelea apige kelele. Mtu akipiga kelele unaweza kumjibu. Huyu alipima tu, milimita kwa milimita, na kila rula ilipogonga kioo, ule mlio mdogo ulinigonga mimi.

Jumanne wakati wa chakula tulishuka kwenye hoteli ya jirani, mimi na yeye, chapati na maharagwe. Tangu asubuhi alikuwa hajainua macho kwenye rula. Nikamsimulia ile hadithi yangu ya siku ngazi iliponiacha nikining'inia kwenye herufi, ambayo humchekesha hata mwizi wa kuku. Alitabasamu kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba nyumbani Mumias alikuwa ameshawaambia wazazi kwamba kazi amepata, hakutaja majaribio, na baba yake alikuwa amelitangaza jambo hilo dukani kwake kwa kila aliyeingia kununua sabuni. Akachovya chapati.

"Fundi," akasema, "hiyo faili yako ina nini ndani, dhahabu?"

Nilicheka. Nikasema intaneti, uzito, mambo ya kiufundi. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia fundi wa viatu akimwambia viatu viko tayari kesho, kwa mara ya nne.

Jioni hiyo nilipofika Amalemba jua lilikuwa bado juu, na uamuzi nilikuwa nao kabla sijavua koti. Mimi si mtu wa kuyumbayumba. Nitafungua faili, nilijiambia, na kama rangi zitakufa, zitakufa kwa heshima. Lakini fundi haachi rangi bila mbegu. Nilivuta chini ya kitanda makopo yangu ya zamani, nikatafuta kipande cha plaiwudi, nikafungua kompyuta uani na kuanza kuchanganya. Kwa kila rangi iliyokuwemo kwenye mchoro nilipaka mraba mmoja kwenye ubao, rangi ya mafuta halisi, tina ya kuyeyushia na brashi, nikiangalia skrini, nikiangalia ubao, nikiongeza tone la manjano. Jirani aliyekuwa akianua nguo aliuliza kama nimerudi kwenye mabango. Nikamjibu kwamba nahifadhi urithi. Alikubali kwa kichwa na kuingia ndani haraka kidogo.

Kitu kimoja kilinisumbua nilipokuwa nikipaka. Kila nilipofika kwenye kitufe cha skrini nyingine, kijani nilichokipaka hakikulingana kabisa na kile cha mwanzo. Nikalaumu jua.

Jumatano asubuhi niliingia ofisini na ubao wangu nimeufunga kwa magazeti, nikauegemeza ukutani, nikakaa, nikamtumia dada kile kiungo alichokuwa akikiomba tangu alipoajiriwa. Nikashika meza kwa mikono miwili.

Mshale wa pili ukaingia ukurasani.

Sijui kueleza. Kwa miezi minne nilikuwa peke yangu mle ndani, na sasa kulikuwa na mtu. Mshale wake ulisimama mlangoni kidogo, kama mgeni anayevua viatu, kisha ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe kikubwa cha kijani na kukigusa. Pembeni zikatokea namba zote, upana, urefu, umbali kutoka chini, msimbo wa rangi. Nikasikia rula ikiwekwa kwenye rafu. Hakuishika tena.

Baada ya robo saa alama ndogo ya maoni ikatokea juu ya kitufe changu. Programu ile inakuruhusu kumwachia mwenzako ujumbe mahali penyewe penye jambo, kama mtu anayebandika karatasi kwenye ukuta ulio na ufa. Nikaufungua. Alikuwa ameandika: "Kijani hiki kina ndugu kumi. Nimfuate yupi?"

Nilienda kwenye kigoda chake kubisha. Akanionyesha, akigusa kitufe kimoja baada ya kingine, msimbo baada ya msimbo. Kijani kumi na moja, ndugu msomaji. Hakuna viwili vilivyofanana. Kila siku ya kuchora nilikuwa nimechanganya upya kwa jicho, kama kwenye kopo, na jicho langu, ambalo nilikuwa nimelisifu kutoka hapa hadi Webuye, lilikuwa limezaa ukoo mzima. Vitufe navyo havikuwa sawa. Kimoja kilikuwa kifupi, kingine kimekaa juu zaidi, kingine kimeegemea kushoto kama mlevi anayejaribu kusimama wima mbele ya mchungaji. Hata kama angepima kwa mizani ya duka la dhahabu, asingeweza kulinganisha programu na mchoro ambao haukulingana na wenyewe.

Na hapo, nikiwa nimeinama juu ya bega lake, niliona kitu kilichonikausha mate. Kwenye skrini yake kijani kilikuwa kimefifia. Chote. Nikakimbilia kompyuta yangu: bado kilikuwa kizima. Nikarudi kwake: kimefifia. Basi imeanza, nikajiambia, imeanzia kwake na itafika kwangu kufikia jioni. Nilitazama ule ubao ukutani, nikashukuru kwamba nimezaliwa na akili, na sikusema neno. Huyu dada alikuwa na mambo ya kutosha, kumwongezea msiba wangu kungekuwa unyama.

Mchana huohuo nilimwendea bosi. Nilimwambia kosa la Jumatatu lilikuwa langu, kwamba nilificha faili na kumpimisha mtu picha, na kwamba hata mchoro wenyewe una kijani kumi na moja. Nilitegemea hotuba.

"Nitaona Ijumaa," akasema.

Kwa hiyo ikabaki Jumatano mchana na Alhamisi. Tulifanya kazi kama watu wanaobeba kabati kupanda ngazi, mmoja mbele mmoja nyuma, "shusha kidogo," "ngoja," "sasa." Tulichagua kijani kimoja, nikakipa jina, kijani cha jani la mahindi, na yeye akakiandika kwa jina hilohilo upande wake, ili mmoja wetu akikitaja, mwingine asiulize ni kipi. Kisha akanifundisha kitu ambacho darasani nilikisikia nikiwa nasinzia: kutengeneza kitufe kimoja mama, na vile vyote arobaini viwe watoto wake. Ukimbadilisha mama, watoto wote wanafuata. Nikamwambia angewaelezea hilo wazazi wengi wa Lurambi wakafurahi. Safari hii alicheka kweli, mpaka kigoda kikalia.

Mishale yetu miwili ilizunguka ule ukurasa siku nzima. Nikihamisha kitu, wake unakuja kuangalia. Yeye akiacha swali, wangu unakimbia kujibu. Mara mbili nilimkuta amenisubiri kwenye skrini ambayo sikuwa nimeifikia, kama mtu aliyefika sokoni mapema akakushikia nafasi. Na kila nilipopita nyuma yake nilichungulia kile kijani kilichofifia, nikawaza, kwaheri rafiki.

Ijumaa mama mwenyekiti alifika na wakulima wanne wa kamati. Chumba kilijaa, wengine wakasimama mlangoni na harufu ya chakula cha kuku. Bosi aliiweka simu kando ya mchoro, pale pale alipoiweka Jumatatu. Skrini ya kwanza. Ya pili. Alifungua ya tatu polepole kuliko zilizotangulia, na dada alikuwa ameshika mtandio wake kwa vidole viwili. Zililingana. Alizipitia zote arobaini, nami nakuapia hata chembe ya vumbi ilikuwa mahali pake.

Kisha mama mwenyekiti akaichukua simu kushika zamu yake ya majaribio. Akabonyeza, haikukubali. Akabonyeza tena.

"Mimi nabonyezanga na hiki," alisema, akainua kidole gumba kilichopanda na kupalilia mahindi ya miaka mingi. "Hiki kitufe chenu ni cha kidole cha karani."

Wakulima walicheka. Bosi hakucheka, alimtazama dada. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika kwenye kitufe mama. Nikakipanua, na watoto wote arobaini wakanenepa kwa pamoja mbele ya macho ya kamati. Mshale wa pili ukaja, ukasoma kipimo kipya, na dakika chache baadaye kitufe kwenye simu kilikuwa kimekua vilevile. Mama akabonyeza mara moja tu. Jina lake likatokea, zamu ya kwanza. Aliwaonyesha wenzake simu, akawaambia nani sasa atasema daftari limeloa.

Walipoondoka, bosi alifunga mlango, akazunguka chumba akipima nafasi kwa macho.

"Wiki ijayo kuna meza inakuja," akamwambia dada. "Utakaa dirishani au ukutani?"

Alisema dirishani. Kisha akatoka kwenda kumpigia baba yake simu, na kupitia ukuta nilisikia sauti yake ikisema jambo moja mara tatu, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na watu dukani wakitaka kulisikia tena.

Aliporudi kufunga vitu vyake aliuona ubao wangu. Akauliza ni nini. Nikajua saa imefika. Nikafungua magazeti, nikamwonyesha ile miraba ya rangi ya mafuta, na kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi nikamweleza yote: kinyozi, bibi harusi asiye na pua, macho yanavyokula rangi, jinsi faili yetu ilivyoanza kufa kupitia kompyuta yake tangu Jumatano, na kwamba asijilaumu, mbegu ninayo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaangalia ubao, akaangalia kompyuta yake, akaniangalia mimi.

"Fundi, rangi hazipungui," akasema. "Ile picha ya harusi hubanwa kila ikitumwa, ndiyo maana ikaharibika. Hii faili haitumwi kwa mtu. Iko mahali pamoja na sote tunaitazama pale pale ilipo." Akabonyeza kitufe kimoja cha kompyuta yake mara tano, na kijani changu kikawaka, kizima kabisa. "Mimi napunguzanga mwanga wa skrini, betri isiishe stima ikipotea."